Gari ya kabureta, hewa ya bara na jeti ya elfu tatu

Tulikua tushapita Limuru, watoto nyuma wametulia kwa baridi wamejifunika leso moja wote watatu, mara yule mdogo akapiga kelele "Baba, pakiti yataka kupasuka!" Nikatupa jicho kwenye kioo, nikaona pakiti ya krispi za mhogo, ile ile tulonunua Mombasa usiku ikiwa imelegea kama kawaida yake, sasa imevimba imekaza kama ngoma. Mamake akasema basi zimeharibika, zitupwe. Tukacheka, tukala, tukaendelea. Na mie hata sikujiuliza, na lau ningejiuliza pale pale ningeokoa pesa zangu na kuiepusha injini, manake kilichoivimbisha ile pakiti ndo hicho hicho kilichokua kinaisumbua gari yangu tangu Emali.

Gari yenyewe ni Corolla, ile DX ya zamani, injini 2E ya 1300, kabureta, yaani kile kidude cha zamani cha kuchanganya hewa na petroli. Najua mshaanza kucheka, ati nani bado aendesha kabureta zama hizi, lakini ziko nyingi sana huku mjini Mombasa, na ukiongeza tuktuk na bodaboda ndo hutazimaliza kuzihesabu. Mjini hainisumbui kabisa. Napanga foleni ya feri Likoni jua la saa nane na mshale wa joto hausogei. Sasa mtoto wa shangazi akawa aoa Eldoret, watu wakaniambia panda basi, mie nikasema gari ninayo, basi la nini.

Mpaka Voi tulikua twateleza. Mtito Andei hamna neno. Kuanzia Emali kwenda mbele nikahisi nikikanyaga mafuta gari yachelewa kuitika, yaani kama mtu umemwita na amekusikia ila hana haraka na wewe. Nairobi kwenye foleni ikawa yatetemeka ikisimama, yataka kuzima. Lakini balaa lenyewe lilikua baada ya Nakuru, ile kupanda ya kuelekea Timboroa. Gia ya pili, mguu chini kabisa, na matrela yenye kontena yanipita! Kwenye kioo naona moshi mweusi, ndani harufu ya petroli mpaka mke wangu akafungua dirisha na lile baridi, na geji ya mafuta yashuka kama tangi lina tundu.

Tulipofika mji mmoja huko juu nikatafuta makanika. Kijana mwepesi, mkono wake mzuri, sitamsema vibaya kwa ufundi. Akafungua plagi akanionyesha, nyeusi tititi, masizi makavu kama matako ya sufuria ya kuni. Akanambia, "Mzee, hii gari inakunywa sana, kabureta imekufa." Akaifungua, akatoa jeti kubwa, kile kijitundu cha kupimia petroli, akachakura kwenye kopo lake la vipuri vya gari zilokufa akatia nyengine ya namba ndogo. Halafu akalegeza distributa akaisogeza, yaani akaiwahisha taimingi, plagi zipige cheche mapema kidogo. Akaniuzia plagi nne mpya na koili, ambayo nina hakika mpaka leo ile yangu ilikua nzima. Jeti peke yake elfu tatu. Elfu tatu, kitu kama punje ya choroko.

Lakini sema kweli, gari ilipaa. Moshi hakuna, harufu hakuna, nikawaambia mashemeji kule harusini kwamba bara kuna mafundi, sisi pwani tumelala. Nilimsifu yule kijana siku mbili nzima.

Kurudi sasa. Mpaka Makindu raha tupu, mteremko, twaimba. Baada ya Mtito nikaanza kusikia mlio kila nikikanyaga, tiki tiki tiki, kama misumari ndani ya kopo. Nikadhani petroli niloweka njiani imechanganywa, nikamtukana kimoyomoyo mtu ambaye wala hana makosa. Voi mlio ukazidi. Taru jua limetoka sawasawa, mshale wa joto nao waanza kupanda, na huo ni mshale ambao mie nimezoea kuuona umelala miaka yote. Tulivofika Maji ya Chumvi gari ikachemsha. Yaani uko mahali paitwa Maji ya Chumvi na maji ya kutia kwenye rejeta huna, chumvi wala tamu. Tukakaa chini ya mti saa nzima na ushee tukingoja ipoe.

Fundi wangu wa huku ni mzee wa makamo ya babangu, alishika spana enzi za Peugeot 404 na Datsun, mikono imeingia oili haitoki tena hata aoge vipi. Sikumwambia kitu, nikamwambia tu ami gari yachemsha. Akatoa plagi moja, akaiweka kiganjani akaitazama, nyeupe pepepe kama chokaa na ncha imeanza vipele vipele. Akanitazama mie. "Umekwenda bara?" Nikamwambia ndio. "Kuna mtu amekugusia kabureta huko." Hakuuliza, alisema tu.

Halafu akanipa somo ambalo ndo sababu ya kuandika yote haya. Akanambia mwanangu wewe pilau wala, si ndio? Mchele pishi yake na maji kipimo chake. Sasa siku moja mtu akupunguzie mchele bila kukwambia, na wewe watia maji yale yale ya siku zote, pilau litatoka vipi? Nikamwambia bokoboko. Akasema basi Timboroa gari yako ilikua yapika bokoboko. Mchele ndo hewa, maji ndo petroli. Kule juu mchele ulipungua, maji yakabaki. Yule kijana akakupunguzia maji yakawa sawa na ule mchele kidogo, sawa, hajakosea, kwa kule. Wewe ukateremka nayo huku kwenye mchele tele na maji yake yale kidogo, kwa hivo sasa unaunguza chungu.

Nilikwenda nikasoma mambo haya vizuri baadaye, na yule mzee hakukosea hata neno. Injini ya petroli ili iunguze vizuri yataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kilo, angalia hapo, si lita. Na kabureta haina mizani. Yenyewe yajua kitu kimoja tu: hewa ikipita kwa kasi kwenye ile koo nyembamba, presha yashuka pale, petroli yafyonzwa kupitia tundu la jeti. Injini nayo yavuta ujazo ule ule wa hewa kila mzunguko, uwe ufukweni Mama Ngina hapa Mombasa au uwe juu ya Mlima Kenya. Lakini lita moja ya hewa ya Mama Ngina na lita moja ya hewa ya Timboroa si uzito mmoja. Huku chini baharini hewa imebanwa na uzito wa hewa yote iloko juu yake, presha ni kama milibari 1013. Nairobi, karibu mita 1,700 juu, ni kama 820. Timboroa ambako ni zaidi ya mita 2,700, ni kama 720 hivi. Ndo maana pakiti ya krispi ilivimba, hewa ya Mombasa ilofungiwa ndani bado yasukuma kwa nguvu za Mombasa, na nje hakuna wa kuizuia.

Sasa utasema basi petroli nayo si itapungua kwa sababu mfyonzo umepungua? Yapungua, ila haipungui kwa kiasi kile hewa ilivopungua. Hapo ndo penye siri. Hewa ikipungua uzito robo, petroli yapungua kama asilimia 13 tu. Mwisho wa hesabu Nairobi mchanganyiko unazidi petroli kwa asilimia 9 au 10 kuliko Mombasa, Timboroa kama 15. Ukiwa na kabureta ambayo tayari huku ilikua imezidisha kidogo, kama yangu, ndo ukaona ule moshi.

Na hata ungeuweka mchanganyiko ukawa sawa kama dawa, nguvu bado zitapungua, hili watu wengi hawalikubali. Hewa ndo chakula, ikipungua hewa nguvu imepungua, hakuna ujanja. Hesabu ya haraka wanayotumia mafundi ni asilimia 3 kila ukipanda mita 300. Injini ya nguvu za farasi 75 huku, Nairobi imebaki na kama 62, Timboroa 54 hivi. Na ndani mumo watu watano, masanduku, na zawadi za bibi harusi. Kwa hivo ukiona gari yako nzito kule, kabla hujamfungulia mtu boneti, jiulize kwanza je, ilianza nzito taratibu kadri nilivopanda, au ilikata ghafla? Ikiwa taratibu, na ukiteremka Naivasha yapata nafuu na ukipanda tena yachoka, hiyo ni hewa. Ikiwa ghafla, au yamisi hata kwenye tambarare ya huku chini, hapo ndo tafuta plagi, koili, waya, filta.

Filta enyewe naomba nikae nayo kidogo. Ile barabara kutoka Mariakani mpaka Voi ina vumbi, ukitoka nyumbani na filta ya hewa chafu unaongeza kuziba juu ya hewa ambayo tayari ni haba. Gari ya kabureta ikizibwa hewa ni kama umevuta nusu ile choki ya kubana hewa wakati wa kuwasha injini baridi. Mie nilifanya safari ile na filta ya mwaka juzi, kwa hivo sehemu ya aibu ile ni yangu mwenyewe.

Ushauri wangu ni huu, na wengine watabisha. Kama waenda bara siku tatu, wiki, harusi au matanga, usiguse kabureta. Vumilia. Moshi mweusi wa siku tatu utachafua plagi na kula mafuta, lakini hauvunji injini. Petroli pungufu na taimingi iliyowahishwa, huku chini kwenye joto la Februari, hivo ndo huvunja. Ule mlio wa misumari ni petroli kujiwakia yenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujaifikia, inagonga pistoni kama nyundo, na plagi nyeupe ni dalili ya joto kupita kiasi. Yule mzee alinambia ningefululiza mpaka Mombasa bila kusimama pale Maji ya Chumvi, angenipokea na pistoni imetoboka. Huenda alitia chumvi kidogo, wazee wa garaji ndo hivo, lakini sikutaka kujaribu.

Kwenye kupanda, teremsha gia mapema usingoje gari ianze kulia. Usikanyage mafuta yote kwa mkupuo, kila ukikanyaga ghafla kuna pampu ndogo ndani ya kabureta inamwaga petroli ya ziada na wewe tayari umeizidisha. Nusu mguu wakati mwengine yaenda vizuri kuliko mguu mzima, jaribu utaona. Asubuhi ya baridi vuta choki kidogo tu, na irudishe upesi, watu wa pwani tukiona baridi twaiacha imevutwa mpaka Naivasha. Ikikataa kuwaka ikiwa moto kwa sababu imefurika, kanyaga mafuta mpaka chini usipampu, piga stata, itakohoa itawaka.

Kama unahamia, yaani umepata kazi Eldoret au Nyahururu wakaa mwaka, hapo sawa, tafuta fundi anayejua, atie jeti ndogo, aangalie na taimingi. Lakini ile jeti ya zamani ichukue. Ni yako. Mie yangu yule kijana alibaki nayo na sikuiuliza, nikaja kutafuta nyengine hapa mjini wiki mbili. Na ukinunua gari kuukuu ya kabureta, au pikipiki, ilokua yaishi bara, ukaileta Mombasa, usishangae ikiwa yachemsha na kunoki, yaani ule mlio wa misumari, na alokuuzia asema haijawahi kumsumbua. Hakukudanganya. Toa plagi utazame rangi. Ya kahawia kama chai ya maziwa ndo sawa, nyeusi kavu imezidi petroli, nyeupe imepungua. Vijana wa boda wa Wundanyi wanaoshuka Voi kila siku na Boxer zao hawa hawana shida kubwa, tofauti ni mita 800 hivi na injini ndogo zile zavumilia, lakini hata wao wakirekebisha kabureta kule juu wakaja kufanya kazi Voi mchana kutwa utasikia injini zalia.

Gari za EFI je, zile ambazo petroli hupulizwa kwa amri ya kompyuta badala ya kabureta? Huko mambo ni mepesi. Kuna sensa yapima hewa inayoingia au presha ndani ya manifodi, ile paipu ya kuingizia hewa, na nyengine kwenye ekzosti yanusa oksijeni ilobaki, kompyuta yapiga hesabu yenyewe yapunguza petroli. Probox ya shemeji yangu ilipanda njia ile ile bila moshi. Nguvu ilipungua, hiyo hakuna wa kuiponya isipokua turbo ya kushindilia hewa ndani ya injini, lakini mchanganyiko haukuharibika. Zile EFI za mwanzo mwanzo baadhi yake husoma presha ya nje pale unapofungua swichi tu, kwa hivo ukitoka Mombasa moja kwa moja bila kuzima waweza kupata nafuu ukisimama, ukazima, ukawasha tena. Kunywa chai, kwa ufupi. Na kama EFI yako yatoa moshi mweusi bara, usilaumu mlima, kuna sensa chafu au imekufa.

Dizeli zisizo na turbo, zile matatu za zamani za injini 3L na 5L, nazo hufuka moshi kama jiko la makaa kwa sababu ile ile, pampu yapiga dizeli ya kipimo cha pwani na hewa haitoshi. Dizeli haichemshi kwa hilo kama petroli ilivo, kwake yeye mchanganyiko pungufu si ugonjwa, kwa hivo kurudi chini hakuna hatari. Walioongeza pampu ili "ivute" huku pwani ndo wanaoaibika zaidi wakifika Kinungi.

Kuna jambo watu huniambia kila nikisimulia hii hadithi, ati ungeweka petroli ya okteni ya juu, ile isiyojiwakia upesi. Kule juu ndo haihitajiki kabisa! Hewa inayoingia ni kidogo, presha ndani ya silinda ni ndogo, petroli haina sababu ya kuwaka mapema. Marekani kwenye majimbo ya milimani kama Colorado petroli ya kawaida ni okteni 85 wakati kwengine ni 87. Wengine husema hewa baridi ya bara ndo nzuri kwa injini. Hapa wana haki kidogo, hewa baridi ni nzito kuliko ya joto, na usiku utahisi gari imechangamka. Lakini baridi ya Timboroa haiwezi kurudisha ilichochukua mita 2,700.

Kitu chengine ni kuchemka. Mombasa maji huchemka digrii 100, Nairobi kama 94, Timboroa 91. Kifuniko cha rejeta ndo huongeza presha maji yasichemke mapema, kikiwa raba yake imekufa utajua ukiwa mlimani. Ni kitu cha bei ndogo, badilisha kabla ya safari. Petroli nayo huchemka mapema huko juu, ukikwama nyuma ya trela kwenye kupanda, injini moto, mafuta yaweza kugeuka mvuke ndani ya paipu na pampu ikawa yapampu upepo. Gari yazima tu kama imekatwa. Dawa ya madereva wa zamani ni kitambaa kilicholoa maji unaviringisha kwenye pampu ya petroli, dakika kumi yaondoka. Sisi tulitumia leso ya mke wangu, ile ilokua imewafunika watoto, na bado sijasamehewa. Kifunge mbali na feni na mkanda tu.

Siku ya kuisafisha gari baada ya safari nikakuta chini ya kiti chupa ya maji, tupu, mfuniko umekazwa. Watoto waliinywa pale Timboroa. Ilikua imebonyea pande zote mbili kama imekamuliwa na mkono. Nikaipeleka garajini kumwonyesha yule mzee, akaitazama akaifungua, ikafanya fyuu, ikarudi umbo lake. Akanirudishia, akaingia ndani akatoka na kikopo cha Vicks. Ndani mna jeti mbili, moja kaifunga uzi mwekundu. "Hii ya uzi ya bara," akanambia. "Na bisibisi uwe nayo mwenyewe."